Harufu ya Kiberiti

Niliinua godoro la mjukuu wangu wa kike nikitafuta soksi iliyopotea, nikakuta njiti za kiberiti zilizoungua vichwa, zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Ukingo wa shuka ulikuwa na tundu jeusi.

Mimi ni mwalimu mstaafu; nilifunzwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nikachukua mkongojo wangu. Mke wangu akanizuia mlangoni.

"Unakwenda wapi na mkongojo usiogusa ardhi?"

"Mtoto anataka kutuchoma hai!"

"Ukimchapa hataacha, atajificha. Na moto wa kujificha, mzee wangu, ndio utakaotuchoma. Muulize kwanza."

Nashukuru nilimsikiliza. Niliketi sakafuni, magoti yakilalamika, nikamwita mtoto. Alipoziona njiti mkononi mwangu, akaanza kulia.

"Unachoma nini, mama?"

"Sichomi kitu, babu. Nanusa."

"Wanusa nini?"

"Njiti ikizimika. Inanukia asubuhi ya kwetu."

Mama yake, binti yangu, alikuwa amelazwa hospitali, na watoto hawakuruhusiwa wodini. Nyumbani kwake hupikia jiko la mafuta ya taa, analoliwasha kwa kiberiti kila asubuhi. Kwetu ni la umeme. Kule mtoto aliamshwa na harufu ile, kisha na sauti ya mama. Hapa aliamshwa na mimi.

Mkongojo ukarudi pembeni. Nilimwonyesha lile tundu, nikamweleza bila kumung'unya maneno kwamba moto haujui nani ana huzuni. Viberiti nikavifungia kabatini. Tukakubaliana: akiona kiberiti popote, asikiguse, aniite; na hamu ikimbana, aniite vilevile. Mshauri wa shuleni akawa anazungumza naye kila juma, nasi tukawa tunampigia mama yake simu kila asubuhi, kabla ya chai.

Jana nikasikia uani, "Babu! Njoo upesi!"

Nilidhani nyumba inaungua. Nikamkuta amesimama, mikono ameikumbatia kifuani, mbele ya kiberiti alichodondosha fundi bomba.

"Sijakigusa. Ila hamu ninayo."

"Ahsante kwa kuniita, mama. Ahsante sana."

"Babu, umekimbia bila mkongojo!"

"Kumbe miguu anayo!" mke wangu akadakia dirishani. "Kesho aende sokoni."

Nikakiokota kiberiti, nikakitia mfukoni, nikabonyeza namba ya binti yangu na kumpa mtoto simu. Mama yake alipokea kabla sijamaliza kuhema.