Kivuli Kipelekwe Mtoni

Ofisini kwetu Surabaya siri haikai. Tuko sita chumba kimoja, feni moja, sahani ya tahu, jibini ya soya iliyokaangwa, katikati ya meza. Nani atamficha nani? Kwa hiyo bosi, Pak Handoyo, alipoingia na uso wa mtu aliyemeza shubiri, sote tuliacha kutafuna.

"Wening, binti yangu," akaanza kwa upole ule wa mwenye haja. "Mteja anasema jengo lake limekuwa refu."

"Ni refu, bosi. Ghorofa thelathini na mbili. Mimi sikuziongeza."

Kazi ya Wening ni kuoanisha. Anapewa picha iliyopigwa na droni, kisha ndani ya kompyuta anaiweka kamera ya kubuni pale pale droni ilipoelea: kimo kile, lenzi ile, mwinamo ule, mpaka mistari ya nyumba alizochora ilalie kuta za kwenye picha. Ikishakubali anaifunga isisogee. Hapo jengo ambalo halijamwagiwa hata zege linasimama mtaani kana kwamba lilizaliwa huko.

Safari hii alikuwa ameoanisha kwa pembe za vichanja. Mtaa ule wanaishi kwa krupuk, kaukau za uduvi, na mapaa yote yamejaa vichanja vya kuzianika. Alipoliweka jengo, kivuli chake cha asubuhi kilivimeza vyote.

"Lipe jengo lenzi yake peke yake," bosi akasema. "Lirudi nyuma kidogo. Na kivuli kipelekwe mtoni. Alasiri wakazi wanapiga kura, walikubali au walikatae."

"Jengo na lenzi yake, mtaa na lenzi yake? Hiyo si picha, bosi. Hayo ni makengeza."

Tulicheka. Bosi akamgeukia mwenzetu mwingine.

"Bagas, fanya wewe."

Bagas alimeza tahu yake taratibu. "Mkono unaniuma, bosi."

"Upi?"

"Huo utakaouhitaji."

Bosi akanitazama mimi. Nikatazama feni. Mwishowe akaketi mwenyewe, akalisogeza jengo kwa mkono wake, akituagiza twende sote mkutanoni tukajaze viti upande wa mteja.

Ukumbi wa mtaa ulifurika. Chai inazunguka, watoto wanakanyagana, na mimi nilikuwa nimeshapata habari za ndoa mbili kabla picha haijawashwa ukutani. Ikawashwa. Jengo lilikuwa jembamba, la adabu, limejificha huko nyuma kama mgeni asiyetaka kusumbua. Mapaa yanang'aa jua. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Akasimama Bu Rukmini, anayetengeneza krupuk na binti zake watatu. Hakumwangalia mteja.

"Wewe binti uliyepanda paani kwangu kupima vichanja, ukanywa chai yangu. Ndivyo litakavyokuwa?"

Shingo zote zikageuka. Pak Handoyo akamnong'oneza Wening, nami nilikuwa karibu vya kutosha: "Sema ndivyo, na kesho uje kazini."

Wening akachomoa waya wa projekta kwenye kompyuta ya bosi, akauchomeka kwenye yake.

Jengo likainuka. Kilele chake kilitoka nje ya ukuta, kikapinda darini. Chini yake mtaa ulikuwa mweusi.

"Sivyo, mama," Wening akasema. Akaweka kiganja penye giza. "Vichanja vyako viko hapa. Hii ndiyo saa yako ya kuanika."

"Hapo nitaanika nini?"

"Uyoga," mtu akajibu kutoka nyuma, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko chenye hasira ndani yake.

Mteja alikuwa amesimama. "Zima hiyo."

"Wakishamaliza kuiangalia."

"Handoyo, huyu ni mtu wako?"

"Kuanzia sasa si wangu," bosi akasema.

Wening akavuta kiti, akakaa kando ya ule waya, mikono kifuani. Bagas akachukua kiti chake akakisogeza upande mmoja wa Wening. Nami nikabeba changu, pamoja na chai, nikakaa upande wa pili, ili atakayetaka kuuchomoa apite kwanza kwetu. Bu Rukmini akawaambia watu wa nyuma wasogee mbele waone vizuri.