Wadakaji Saba na Kiwiko Kimoja

Balthazar alikuwa na wadakaji saba wanaogombea nafasi nne, na mrushaji mmoja tu ambaye kiwiko chake kilikuwa kimeanza kukataa kazi. Mrushaji huyo alikuwa Nella, bintiye wa kumzaa, mwenye miaka kumi na tisa.

Timu yenyewe ilikuwa ya besiboli, ya wanawake wa Kirundi, na ilikuwa Ingleburn, huko ughaibuni. Anayeuliza Warundi na besiboli walikutana wapi ajibiwe: walikutana kwenye maegesho ya magari nyuma ya kanisa, siku mtu wa manispaa alipoleta gunia la glovu akasahau kulirudia. Maegesho yale yalikuwa mafupi. Mpira uliweza kubingirika chini kwa kasi, ukagonga ukuta na kurudi, lakini nafasi ya kuurusha kwa umbali wa kweli haikuwepo, na aliyejaribu alivunja kioo cha gari la mchungaji. Basi wasichana wote wakajifunza kudaka mpira wa chini, na wakajifunza hasa. Ligi ilipowapokea, wakatokea na mikono ya kudaka tele, na wa kurusha hayupo.

Asiyeujua mchezo huu ashike jambo moja tu: bila mrushaji hakuna mechi. Wadakaji husubiri mpira uwajie. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu, karibu mara mia kwa siku moja, na kila mara kwa nguvu zote za bega na kiwiko. Balthazar akamtoa Nella kwenye kituo cha pili, alikokuwa anadaka kwa raha zake, akamsimamisha kwenye kile kilima cha udongo cha katikati. Alimwambia ni kwa wiki mbili tatu, mpaka apatikane mwingine. Huu sasa ulikuwa msimu wa pili.

Alhamisi daktari hakumung'unya maneno. Nella akiendelea kurusha, kano ya kiwiko itakatika, na huenda mkono usinyooke tena sawasawa. Apumzike mwezi, kisha anaweza kudaka na kurusha kwa umbali mfupi, lakini kilimani asikanyage. Na Nella alikuwa na kazi kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kuinua watu kitandani. Mkono huo ndio uliokuwa mkate wake.

Jumamosi akapanda kilimani. Alisema, "I'm fine, Dad," akaificha bandeji chini ya shati, akarusha mara tisini na mbili. Balthazar alijua ni tisini na mbili kwa sababu alizihesabu zote, na baada ya kila moja alijiambia kwamba inayofuata atamtoa. Hakumtoa. Timu isiyofika uwanjani mara tatu ilifutwa kwenye ligi, na wao walikuwa wameshakosa mara mbili msimu ule kwa ajili ya mafuriko. Akimtoa Nella, wasichana kumi na wanne wanarudi kwenye maegesho. Akimwacha, anamvunja kwa macho yake mwenyewe. Alisimama pale kando ya uwanja, mikono mfukoni, akijichukia waziwazi.

Jioni ile ile simu ikaita. Alikuwa Chepkoech, mwalimu wa Kikenya aliyefundisha timu ya Auburn.

"Kochi, sikiza," alisema. "Mimi niko na pitchers watatu wa kurusha na infield ya kudaka imejaa mashimo. Wewe uko na wadakaji mpaka wengine wanakalia benchi. Nipe wawili, nikupe Ornella. Msichana anarusha kama amekosana na mtu. Lakini fomu zifike kabla ya kesho kutwa saa sita mchana, registration inafungwa."

Kwa mtu mwenye akili timamu hapakuwa na la kujadili. Saba ukitoa wawili wanabaki watano, na nafasi ni nne. Wa kutolewa wangekuwa Bénie na Arakaza: walikuwa hodari, tena bado vijana, lakini tangu Novemba walipata kucheza kwa nadra. Auburn wangecheza kila wiki. Timu ingepona, na Nella angepona.

Lakini Balthazar aliwajua watu wake. Kabla Jumapili nyingine haijafika, kanisa zima lingekuwa linasema kwamba Balthazar ameuza mabinti wa wenzake ili amponye wa kwake. Na kilichomnyima usingizi si kwamba watu wangesema. Ni kwamba angekosa la kujibu.

Halafu kulikuwa na jambo la kukabidhiwa. Kwao Burundi, ukipewa ng'ombe humtoi kwa mwingine mpaka urudi kwa aliyekupa, umwambie, na huendi mikono mitupu. Bénie hakuwa ng'ombe, lakini siku timu ilipoanza, mama yake, Emerance, alimleta amemshika mkono, akaushikanisha na wa Balthazar, akasema mbele ya watu, "Nimekukabidhi." Huwezi baada ya hapo kumtuma binti wa watu Auburn kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo Jumapili, ibada ilipokwisha, akaanza kwa kumpigia Lazare, baba yake Bénie, mtu waliyepakana naye kibanda katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Nina neno kuhusu Bénie," alisema. "Si la kwenye simu. Nije saa tisa?"

"Njoo, ndugu yangu," akasema Lazare, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njoo, karibu sana."

Balthazar akavaa koti, maana jambo lilikuwa la heshima, akanunua katoni mbili za Fanta, akaendesha gari hadi Macquarie Fields. Joto la Februari lilikuwa limelainisha lami. Mbele ya nyumba ya Lazare magari yalikuwa manne, naye akadhani majirani wana sherehe.

Sherehe ilikuwa yake. Sebule ilijaa. Wajomba watatu walikuwa wamebanana kwenye kochi, wote na makoti. Emerance alivaa imvutano, lile vazi ambalo wanawake wa Burundi hulitoa kabatini siku za harusi. Kwenye kiti cha peke yake alikaa Mzee Vénérand, ambaye huwa haletwi mahali ila ukoo unapohitaji msemaji. Alikuwa ametoka Wollongong kwa treni. Katoni zile mbili zilipokelewa na kuwekwa katikati ya meza, watu wote wazione. Balthazar akakalishwa kwenye kona ya ndani kabisa, dirisha nyuma yake, magoti ya wajomba mbele yake, na sinia la sambusa likaja kuziba kijia kilichobaki.

"Gad hajambo huko Perth?" aliuliza Emerance kwa upole.

Gad alikuwa kijana wa kwanza wa Balthazar, miaka ishirini na saba, fundi wa migodini, hajaoa.

"Hajambo," alisema Balthazar. "Anawasalimu."

Nyuma ya mlango wa jikoni wanawake wakacheka kwa sauti ya chini, na mmoja akaanza vigelegele, akazibwa mdomo. Hapo ndipo Balthazar alipoelewa. Koti. Katoni za vinywaji. Neno kuhusu binti ambalo si la kwenye simu. Baba mwenye kijana wa kuoa. Kosa lilikuwa lake kabisa. Hata yeye angeona mtu anaingia kwake hivyo, angempigia Mzee Vénérand.

Mzee Vénérand akakohoa, nyumba ikatulia.

"Ndugu yetu Balthazar, umefika, umekaa, umekunywa. Tumesikia kwamba kuna ua mmeliona kwetu. Bon. Sema sasa, na sisi tukusikilize."

Jasho lilimtiririka mgongoni ndani ya lile koti. Alitazama mlango, ulikuwa mbali kama hakuuingia yeye. Kwa muda mfupi, aibu yake ilimwambia aombe tu, amchumbie Gad mke, mambo yatajipanga baadaye. Watu wamewahi kuoana kwa sababu ndogo zaidi. Lakini fomu zilikuwa za kesho saa sita, na kila alipofumba macho aliona bandeji chini ya shati.

"Sikuja kwa ajili ya Gad," alisema. "Nisameheni. Nimekuja kwa ajili ya timu."

Akawaeleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza tena: wadakaji saba, nafasi nne, Auburn, Ornella, fomu. Alipomaliza, hakuna aliyegusa sambusa. Emerance alikuwa ameinamisha kichwa na kukunja pindo la imvutano yake kwenye kidole, akilikunja na kulikunjua.

"Ulivaa koti," alisema Lazare taratibu, "ukanunua Fanta, ukaja kuniambia mtoto wangu amezidi."

"Hajazidi. Ni hodari."

"Hodari hatolewi. Kwa nini ni lazima, na kwa nini leo?"

Balthazar alikuwa amejiandaa kusema juu ya manufaa ya timu. Maneno hayo hayakutoka. "Juu ya Nella," alisema. "Nilimpandisha kilimani arushe, na daktari anasema kiwiko chake kinakatika. Nikikosa mrushaji mwingine, nitamharibu. Au nitawapoteza wote."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bénie alisimama pale na kitambaa cha vyombo begani, msichana mrefu wa miaka ishirini aliyekuwa amevalishwa vizuri kuliko alivyopenda.

"Uncle, sisi wote tunajua," alisema. "Mimi ndiye ninamfunga ile bandeji, kwa toilet, before every game. Alituapisha tusikwambie vile inamuuma. Anasema ukijua utavunja timu, na timu ndiyo kitu yako."

Balthazar alilivua koti, akalilaza magotini.

Ni Mzee Vénérand aliyesema, na hakuwa tena na sauti ya msemaji wa posa. "Mimi mchezo huu siujui. Nieleze. Huko Auburn wanataka wa kudaka wawili?"

"Wawili, mzee."

"Na huyu Nella, kabla hujampandisha huko kilimani, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anadaka. Kituo cha pili."

"Na daktari amekataza asidake?"

"Hapana. Baada ya mwezi anaweza."

"Kwa hiyo wewe una wadakaji wanane, si saba," alisema Mzee Vénérand. "Umetoka kwako kuja kuomba kwa watu, na kwako hujaomba."

Ilikuwa rahisi hivyo, na Balthazar hakuwahi kuiona, kwa sababu hakutaka kuiona. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa na binti yake. Wiki nzima yeye alikuwa kwenye lori, kutoka bandari ya Port Botany na makontena hadi usiku. Nella alikuwa kwenye shifti za wazee. Mkewe Généreuse kwenye shifti nyingine. Gad alishaondoka. Kilichobaki kwake kilikuwa saa moja na nusu ya barabara kwenda na kurudi uwanjani, Nella akimfundisha majina ya nyimbo zake na yeye akiyakosea. Alikuwa tayari kuwatoa mabinti wa watu wawili ili asilitoe hilo. Alilikubali moyoni pale pale, na lilimuuma.

"Mimi nitaenda," alisema Bénie. "I'm sick of the bench. Lakini niende na Nella, si kama mtu ametupwa. Arakaza acha abaki, nafasi itamfungukia."

Lazare alimtazama mkewe. Emerance aliliachia pindo. "Nilikukabidhi mmoja," alimwambia Balthazar. "Ukimtoa wako mkono mmoja na wangu mkono wa pili, sina neno." Kisha, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na chakula kipo, akainuka kwenda kuwapakulia wali. Balthazar alikula alichopewa.

Jioni, nyumbani kwake, alimkuta Nella kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mfuko wa njegere za barafu juu ya kiwiko. Alipomwona akaushusha haraka na kuusukuma nyuma yake.

"Usiufiche," alisema Balthazar. Akakaa ngazi ya chini, koti lake mapajani. "Kesho Chepkoech anamtuma Ornella kwetu. Bénie anaenda Auburn. Na wewe."

Nella aligeuka kumtazama. "You're trading me?"

"Ndiyo, mama."

"Nitasimama wapi huko?"

Nella alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya tangu aanze shule ya sekondari. "Kituo cha pili," alisema Balthazar. "Baada ya mwezi. Chepkoech nimemweleza habari za mkono, amekubali kusubiri. Kurusha basi."

Akangoja hasira. Badala yake Nella akaanza kulia, si kwa kwikwi, machozi tu yakimshuka, na mabega yake yakaanza kulegea polepole.

"Kila Ijumaa nilikuwa naomba mvua inyeshe," alisema. "Baba, kila Ijumaa. Hata ile wiki ya mafuriko niliposikia barabara zimefungwa, nilimshukuru Mungu."

Mwaka mzima na zaidi Balthazar alijiona ndiye aliyebanwa, kati ya timu na mtoto, na kumbe mtoto alikuwa amefungiwa humo humo, akimsubiri yeye afungue. Alitaka kumwomba msamaha kwa kila mpira aliouhesabu. Alichofanya ni kutoa fomu kwenye mfuko wa koti na kuilaza juu ya goti la Nella.

"Ni lazima na wewe uweke jina," alisema. "Na ukikataa, nakubali."

Nella akafuta uso kwa bega. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukukunjika tena kufika kwenye karatasi, na akaanza kuandika jina lake herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Balthazar alimshikia fomu isiteleze mpaka alipomaliza.