Miguu ya Dontae Gaddis

Lucius Tolliver alikuwa kocha wa masumbwi Philadelphia ya kaskazini, na mtaa mzima ulijua anavyomwanzisha mtu mpya. Anamfunga vifundo vya miguu kwa kamba fupi, halafu anamtembeza ulingoni wiki nenda wiki rudi, bila glavu. Ukipishanisha miguu, unaanguka. Wengi walimtukana kimoyomoyo, wakaja kumshukuru baadaye.

Dontae Gaddis hakukaa na kamba hiyo hata saa moja. Alikuja pande la mtu, na konde la kulia la kuogopesha. Alipofungwa akacheka. "Mzee, mimi ni farasi?"

Lucius akamfungua. Moyoni alijua anakosea. Lakini asubuhi ileile konde hilo lilikuwa limeshamlaza mtu, na siku hizi kwenye uzito wa juu nani anauliza habari za miguu? Watu wanataka kuona mtu kalala. Samaki mkunje angali mbichi, walisema waliosema. Lucius alimwacha wake akakauka, kwa uvivu na kwa tamaa, na hapa hatumpaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wapinzani wakaanguka mmoja baada ya mwingine, wengi hata raundi ya tatu hawakuiona. Kisha Jumamosi moja akaja Mkuba mmoja mnene, Orestes Bello. Akala konde la kulia, akatabasamu. Akala lingine. Halafu akamsukumia Dontae kwenye kona na kuanza kumtwanga.

"Mpelekeeni kiti, babu kachoka!" mtu akapiga kelele nyuma ya Lucius akimnyooshea Dontae kidole, na watu wakaangua kicheko.

Kengele ilipolia, Dontae alirudi kuketi, jicho moja limefumba.

"Mzee, pale natokaje?"

"Tanguliza mkono wa kushoto, halafu zunguka upande huohuo. Usisimame mbele yake."

"Sawa."

Alijaribu, masikini. Akarusha kushoto, akageuka, miguu ikapishana, na akiwa bado anayumba konde likamkuta sikioni. Lucius alirusha taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe, ila kabla refa hajaliona, makonde mengine mawili yalishafika.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo daktari alimmulika macho, akaagiza gari la hospitali. Ulimi wa Dontae ulikuwa mzito. Lucius alimshika mkono bila kumtazama.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nisamehe mimi, mzee. Nilikusikia vizuri tu. Sikujua inafanywaje."

Lucius akafungua kinywa amwambie kosa ni la nani. Lakini mama yake Dontae alikuwa ameshaingia, akamkumbatia Lucius akilia, akamshukuru kwa lile taulo, akasema bila yeye mwanawe angekufa. Na Lucius, Mungu amsamehe, akazipokea shukrani zile.