Picha Kabla ya Nywila

Fundi wa pampu aliacha kurudi nyumbani siku ya Jumanne. Asubuhi hiyo alikunywa chai amesimama, akamwambia mkewe kwamba kola ya shati lake la kazi imechakaa, kisha wakaenda pamoja ofisi ya maji, yeye kwenye pampu, mkewe kwenye meza ya mapokezi. Saa nane mchana alishuka kwenye shimo la valvu nyuma ya jengo. Saa kumi na moja mkewe alimsubiri getini, akasubiri hadi mlinzi akamletea kiti.

Ofisi hiyo ina utaratibu wake. Kila anayeshuka shimoni hutundika kibao chake cha namba kwenye msumari ulio ukutani, juu ya mfuniko, na akipanda hukirudisha kwenye ubao mkubwa wa koridoni. Kibao kikiwa msumarini, hakuna anayegusa mfuniko. Jumatano asubuhi wakaguzi walifika, wakakuta msumari mtupu na vibao vyote vimepangwa koridoni, namba kumi na nne ya fundi ikiwemo, imefutwa vumbi. Waliusifu ubao. Mchana shimo, ambalo lilikuwa limeshapangiwa kufungwa, likamwagiwa zege. Mkewe aliomba watazame kwanza ndani. Msimamizi alimwambia kwamba kibao kiko juu, kwa hiyo mtu yuko juu. Kwenye daftari la mahudhurio aliandika kwa wino mwekundu: ametoroka kazini.

Kwa hiyo hakukuwa na msiba. Majirani hawakuleta mikeka, maana hakuna anayejua la kumwambia mke wa mtoro. Mama wa fundi alikuja na mzigo wake mdogo, akakaa ukumbini miezi minne bila kujua kama alie au asubiri. Pale ofisini fundi aliitwa Mrefu, na dereva alikuwa akisema kwamba Mrefu kapata mahali penye kitanda kinachomtosha. Alilisema hilo mara mbili. Mara ya tatu mhasibu alimtazama, dereva akaacha.

Jumanne ileile kompyuta ya mapokezi ilikuwa imewekewa kadi mpya ya picha. Tangu hapo, ikiwashwa, badala ya nembo ya bomba na tone la maji, ilionyesha miraba mikubwa kama vigae vya bafuni: ya buluu, ya kijivu, na ya kahawia katikati. Picha ilikaa sekunde kumi na moja, kisha kompyuta ikadai nywila, na kila kitu kikawa sawa. Mke wa fundi aliitazama kila asubuhi. Mwezi wa pili aliona kwamba miraba ya kahawia hupanda na kushuka kidogo, kama kifua. Alijaza fomu ya vifaa vibovu. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kwamba picha ya kuwashia haionekani vizuri.

Fundi kompyuta alikuja mwezi wa nne. Alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na alizibadilisha kila alipotoka kwenye kioo kwenda kwenye nyaya.

"Mdogo wangu, imeanza lini hii?"

"Jumanne ile."

Fundi kompyuta hakuuliza ipi. Alieleza kwamba kadi ni nzima. Tatizo ni kwamba kompyuta ikiamka haijui kioo chake kina upana gani, basi hutumia kipimo kidogo kuliko vyote, kama mtu anayepapasa kizani. Alifungua faili la mipangilio ya kuwashia, akaupata mstari ulioandikwa mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini, akaandika mia nane kwa mia sita. Akahifadhi, akaiwasha upya.

Miraba ikawa mtu. Uso haukuonekana bado, ila mabega yalitosha.

"Huyo ni mume wangu," alisema mke wa fundi.

Fundi kompyuta alitoa leso, akafuta kioo polepole toka pembe hadi pembe. "Basi tusimwache nusunusu," alisema, akaongeza tena kipimo.

Safari hii walimwona amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, spana mkononi, ndevu za miezi minne kidevuni. Mkewe ndiye aliyekuwa akimnyoa. Mhasibu alikuja na faili lake, akasimama. Dereva alikuja, na mlinzi, aliyevua kofia. Fundi kompyuta aliandika kipimo kikubwa kuliko vyote ambavyo kioo kiliweza, akabonyeza, na wakangoja.

Ardhi yote ilionekana kama mkate uliokatwa. Juu kulikuwa na majani, kila jani peke yake, na mizizi myembamba kuliko uzi ikiteremka na kuchepuka ilipokuta zege. Chini ya zege kulikuwa na mfuniko, na kutu yake chembe kwa chembe, kisha ngazi, kisha maji matulivu kiasi kwamba yalibeba sura yake bila mkunjo. Tone moja lilikuwa kwenye ukope wake. Kola ilikuwa imechanika. Alipepesa jicho.

Na ukutani, juu ya hayo yote, kibao namba kumi na nne kilikuwa msumarini, na mkono ulikuwa unakitungua. Mkono ulikuwa na saa. Mishale iliweza kusomwa: saa kumi na dakika arobaini.

Nywila ikadaiwa.

Walimwita msimamizi, wakaiwasha tena. Aliinama akatazama sekunde zote kumi na moja.

"Hiyo saa ni yangu," alisema. Kisha akamgeukia fundi kompyuta. "Sasa imekaa vizuri. Asante mama."

"Bosi, livunje zege," alisema mke wa fundi. "Nataka nimzike."

Msimamizi alimjibu kwa upole, kwa sauti aliyotumia kukataa likizo. Kuvunja zege kunahitaji barua, barua inahitaji sababu, na daftari, ambalo wakaguzi wameshalisaini, linasema mtu huyo hayupo hapa. Mke wa fundi aliomba basi afute lile neno jekundu tu. Msimamizi alisema kompyuta si daftari, dada, akarudi ofisini kwake na kufunga mlango bila kuubamiza.

Kesho yake mke wa fundi alimleta mama mkwe, akamketisha kwenye kiti cha mapokezi. Bibi alitazama mpaka mwisho.

"Amekonda," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Washa tena."

Alilia hapohapo. Mhasibu na dereva walisukuma meza pembeni, na mlinzi akatandika mkeka.

Neno jekundu halijafutwa. Zege limepakwa rangi ya kijani, kwa kuwa wakaguzi wanarudi. Kila asubuhi kompyuta ya mapokezi huwashwa mara tatu: ya kwanza kwa mama, ya pili kwa mke, na ya tatu kwa kazi.