Ng'ombe Aliyekuwa Keep

Siku ya mnada, Eufrazia alikuwa uani kwake Runazi akipukuchua mahindi. Ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe akapita katikati ya maharage bila kukanyaga hata shina moja, akasimama mbele ya mlango wa jikoni. Mume wa Eufrazia, Samweli Malongo, alimzunguka akitafuta chapa au mkato wa sikio. Hakuona kitu. Binti yao Recho akatoka ndani, akamtazama ng'ombe usoni kama mtu anavyomtazama shangazi aliyepotea siku nyingi.

"Huyu ni keep," alisema.

"Keep gani?" Samweli aliuliza.

"Lile neno la Kiingereza, baba."

Samweli akainama, akachungulia kiwele. "Lina maziwa," alisema. "Na lina mimba changa. Leteni kibuyu."

Recho alikuwa anarudia kidato cha pili. Shule ya msingi alikuwa msemaji hasa. Vijana wa kitongoji walipolimiana mashamba kwa zamu, yeye ndiye aliyewaanzishia nyimbo. Alipoingia sekondari masomo yote yaligeuka Kiingereza asubuhi moja, naye akanyamaza. Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Akianguka tena mtihani wa Novemba, shule ingekuwa imeishia hapo.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Rwekaza, alitangaza ng'ombe mnadani na kanisani. Hakuna aliyejitokeza.

"Wenyewe wako mbali," alimwambia Samweli. "Mfuge kwa desturi yenu ninyi Wasukuma."

Desturi hiyo akina Malongo walitoka nayo Shinyanga. Mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa jirani. Anayefuga hunywa maziwa, lakini hauzi wala hachinji, na akifuga vizuri hupata ndama.

Basi wakanywa. Maziwa ya asubuhi yalikuwa mepesi, na aliyekunywa aliweza kusema keep ya kuweka kitu mahali. Ya mchana yalileta ile ya kuendelea bila kuchoka. Eufrazia aliyanywa akapalilia mihogo mpaka jirani akaja kumpokonya jembe. Ya jioni ndiyo yalikuwa mazito, na ndani yake mlikuwa na keep ya kutimiza ahadi, ya kulinda, na ya kumchelewesha mtu barabarani. Majirani walikuja na vikombe. Bibi Ildefonsa, aliyekuja kutoka Rulenge kumsalimia mwanawe Eufrazia, alikunywa viwili, akaenda kumwambia padri kwa Kiingereza kwamba Mungu amtunze. Padri alisema amina, akauliza kama yamebaki.

Darasani, Mwalimu Gozbert aliomba sentensi yoyote ya Kiingereza. Recho akasimama. Alisema kwamba wanaweka mahindi darini. Alisema kwamba kaka yake huimba na kuimba hata akiombwa anyamaze. Alisema kwamba mtu akikuahidi, na aitimize ahadi. Darasa lilipiga meza kama ngoma. Mwalimu Gozbert akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe una sauti, weye!" alinong'ona Paschal, aliyekaa naye dawati moja. Paschal alikuwa ameongoza wilaya nzima darasa la saba, kwa Kiswahili. Yeye hakunywa maziwa. Tangu utotoni yalimvuruga tumbo.

Kisha Mwalimu akamuuliza Recho, kwa Kiingereza, jani hutengenezaje chakula. Recho alilijua jibu lote. Akasimama vilevile, kimya. Ng'ombe alikuwa wa neno moja.

Jumamosi alikuja mkuu wa shule, Mwalimu Matiasi, na kamba mkononi.

"Shikamoo, mzee Malongo. Nimekuja kumchukua. Kiingereza ni mali ya shule."

"Marahaba. Shule ina zizi?"

"Hatuna."

"Majani?"

"Tuna uwanja wa mpira."

"Kaa kwanza, mwalimu," alisema Eufrazia, akampa kikombe cha maziwa ya jioni.

Mwalimu Matiasi alikunywa mpaka chini. Akajifuta sharubu, akasema taratibu, kwa Kiingereza, kwamba tunaendelea kuwauliza watoto hawa katika lugha inayowafunga midomo. Neno keep lilikuwemo mara mbili, na mara zote mbili lilikaa sawasawa. Recho akamtafsiria baba yake.

"Umesema vizuri," alisema Samweli.

"Naona," alijibu Mwalimu Matiasi, akaomba kikombe kingine. Jumatatu, kwenye mstari, alitangaza kama kawaida kwamba Kiswahili ni marufuku mpaka kengele ya kutokea.

Novemba ikafika. Katika karatasi ya bayolojia kulikuwa na swali la namna wakulima wanavyohifadhi maharage yasibunguliwe, na ndani yake Recho alimkuta keep amesimama wazi. Aliandika majivu, pilipili kavu, gunia lililoanikwa juani. Alijaza ukurasa. Maswali mengine mengi aliyatazama tu, na picha ya jani ikamtazama.

Matokeo yalitoka Januari, wiki aliyozaa keep. Recho alikuwa amepita, kwa kuponea chupuchupu. Eufrazia alipiga vigelegele, Samweli alicheza mpaka kofia ikaanguka, na mzee Rwekaza akaja kusema ndama, aliyekuwa jike, ni haki yao.

Paschal alikuwa ameanguka. Sasa zamu ya kurudia kidato cha pili ilikuwa yake.

Recho hakungoja kesho wala hakuzungusha maneno. "Baba, ndama tumweke kwa kina Paschal."

Samweli alikubali, kwani ndivyo ng'ombe wanavyotembea, zizi hadi zizi. Ndama alipoachishwa maziwa, Recho alimswaga mpaka kwa kina Paschal, Kaniha. Mama yake Paschal, Priscila, alikuwa tayari ameziba tundu la zizi kwa miiba. Alisema tumbo la mwanawe halina shida na mtindi.

Paschal alishika kamba. "Huyu ni neno gani?"

Recho alimtazama ndama usoni. "Huyu ni why."

"Kwa nini," Paschal alitafsiri. Ndama akamlamba kiwiko. "Ataanza kukamuliwa lini?"

"Ukimlisha vizuri, miaka mitatu."

"Na mtihani ni Novemba."

"Novemba."

Paschal akacheka, na Recho akacheka, mpaka Priscila akatoka kuuliza kuna nini. Kisha Paschal alimpeleka ndama kwenye majani mazuri, kule bondeni.