Maziwa ya Omaha

"Mwanaume anakamua ng'ombe!"

"Adeer, hiyo ni kazi tu."

"Kazi ya mama yake! Mwanaume anakamua ngamia. Ng'ombe na mbuzi ni ya wanawake. Hata wewe uliyetoroka shule unajua."

"Najua, Adeer, lakini..."

"Na hiyo kitu kichwani ni kofia ama kikapu?"

Abdirahim aliinama kuangalia tena, maana hata yeye hakujua. Simu ilikuwa mkononi mwa Mzee Nunow, ambaye vijana wote walimwita Adeer, ami, kwa heshima, na ndani ya simu alikuwa Keynan, kaka yake Abdirahim wa tumbo moja, amekaa kwenye kigoda huko Omaha, Amerika, anavuta kiwele huku watoto wa wazungu wakimpigia makofi.

Video alituma Keynan mwenyewe. Alimtaka Kowsar, binti wa Mzee Nunow, huyo huyo aliyekuwa amekaa nyuma ya mitungi yake ya maziwa ya ngamia hapa sokoni Suuq Mugdi, akiwapimia wateja kama mtu asiyesikia. Baba na binti wakikubali leo, wazee wanakuja Ijumaa kumposa. "Wewe ndiye mdomo wangu huko," Keynan alikuwa amemwambia ndugu yake. "Ukiharibu, usinipigie tena."

Mwanzoni mambo yalienda vizuri. Video zilikuwa za kuonyesha mji, sehemu nzuri za kupeleka bibi na watoto. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya mbao. Wazungu wamepiga foleni, na wakiingia wananong'ona kama wako msikitini.

"Nani amekufa?" Mzee Nunow aliuliza.

"Hakuna, Adeer. Ni nyumba ya kihistoria. Ina miaka mia na hamsini."

"Kisima cha babu yangu kule Diff ni mzee kuliko hiyo, na anayepiga foleni ni ngamia peke yake."

Ya pili ilikuwa bustani ya wanyama. Fisi yuko nyuma ya kioo, anatupiwa nyama, ananusa, anachagua. Mzee akairudia. "Analishwa? Fisi? Na hajaiba?" Halafu akatokea ngamia anazungushwa, na juu yake kijana mnene amekamata nundu.

"Huyo mtoto ni mgonjwa?"

"Hapana, Adeer. Anafurahi."

"Basi mgonjwa ni ngamia."

Kwa sababu kwetu ngamia anabeba nyumba tukihama, na akibeba mtu, huyo mtu amezidiwa. Lakini mzee alimeza hiyo pia. Amerika ni Amerika. Hoteli yote ya chai ilikuwa inajua yeye karibu awe mkwe wa Omaha, na alikuwa ameshaanza kusahihisha watu habari ya theluji.

Ndipo ikaja hii ya tatu, ya shamba la kale. Wazungu wamejenga boma kama la mababu zao, wakaajiri watu wavae kizamani na waishi kizamani, familia zije kuangalia.

"Yaani," mzee alisema polepole, "alikimbia kuchunga, akauza ngamia wa baba yake apande ndege, akafika Amerika, na wakampa kazi ya kuchunga?"

"Ya kuigiza kuchunga, Adeer."

"Hiyo ni mbaya zaidi!"

Wauza maziwa walikuwa wameanza kusogea. Abdirahim akaona ndoa inateleza. Akanyakua simu, akampigia Keynan palepale. Keynan akatokea na kikapu chake kichwani.

"Salaam aleykum, Adeer!"

"Mimi siongei na msichana," mzee akasema, akageuza uso.

Kowsar akapangusa mikono. "Lete hiyo simu."

"Kowsar, abaayo," Keynan alimwita dada kwa heshima, akivua kofia haraka. "Hii ni kazi ya halali."

"Mimi sina shida na kukamua. Kama Aabo huyu angekuwa anakamua ng'ombe, mgongo wa Hooyo mama yangu ungepona."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee akakohoa. Abdirahim akaanza kuiona Ijumaa, na shati mpya ndani yake.

"Nataka kujua kitu moja. Huyo ng'ombe anatoa maziwa mingi?"

"Wallahi, ndoo inajaa kila siku! Nyasi hapa ni kama zulia."

"Na mnauzia nani?"

Keynan alicheka. "Hatuuzi, sheria ya afya inakataa. Watoto wakishaona, tunamwaga."

"Wapi?"

"Kwa mtaro."

Kicheko kikakatika. Kiangazi kilichopita Kowsar alikaa hapa na mitungi mikavu akisema "hakuna, hakuna" mpaka sauti ikaisha, na mmoja wa waliorudi na kikombe kitupu alikuwa mama yake Keynan.

"Unamwaga wewe? Kwa mkono wako?"

"Ni kazi tu, abaayo..."

Abdirahim alifungua mdomo. Alikuwa ametetea kofia, ametetea fisi, ametetea kiwele. Mtaro hakuutetea.

Kowsar hakukata simu. Alimrudishia Abdirahim mkononi, Keynan bado anaita, "Haloo? Mnanisikia?"

"Mwambie wazee wakae nyumbani Ijumaa."

"Kowsar!" Mzee Nunow aliruka, kofia na kiwele vyote amevisahau. "Amerika hiyo, mama! Tutaongea naye! Labda anamwaga kidogo tu!"

Kowsar alifunga mtungi kwa kifuniko, akagonga juu kuhakikisha hakuna kitu kitavuja, akauinua begani, akageuka, akaenda zake.