Hadubini ya Macho Mawili

"Mara ishirini, Madam. Hata miwani ya nyanya yangu ikipanguswa vizuri inafika hapo."

"Basi mlete nyanya yako afundishe bayolojia," Jelagat akamjibu. "Yeye angalau anajua anachoangalia."

Sauti zilikuwa zimepanda mpaka wasichana waliokuwa wakijaza ndoo kwa bomba la nje wakafunga maji ili wasikie vizuri. Ndani ya chumba cha sayansi walimu wawili walisimama pande mbili za meza, na katikati yao hadubini mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ndefu, ya jicho moja, imesimama wima kama askari wa gwaride. Hiyo ilikuza kitu mara elfu moja, na Mwalimu Kituyi alikuwa ameipenda tangu ilipotoka kwa sanduku. Ya pili ilikuwa fupi na nene, macho mawili kama bundi, na chini ya macho nafasi kubwa ya kuingiza mkono mzima. Jelagat, mwalimu wa kilimo, alikuwa ameweka kiganja chake juu yake, kama mtu anayetuliza ndama.

Muuzaji wa vifaa kutoka Eldoret alikuwa amewaachia zote mbili wiki nzima wajaribu. Leo Jumamosi, saa tisa, pikapu yake ingepita hapo shuleni Soy kuchukua ile watakayoikataa. Pesa za harambee ya wazazi zilitosha moja tu.

"Seli, Madam," Kituyi akasema, sasa akijaribu kushusha sauti. "Mtoto anafaa kuona seli."

"Na mimi nataka aone mbegu. Aigeuze na mkono wake, aidunge na sindano, aone. Hii yako inataka kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu, kimelala kwa kioo. Nani hulima kwa kioo?"

Jibu lake la kweli Kituyi hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, huko Bungoma, kwa mtihani wa kidato cha nne, aliinamia hadubini ya jicho moja akaona miti myeusi iliyopinda. Akaichora yote, vizuri kabisa, na penseli iliyochongwa. Ni miaka miwili baadaye, akiwa chuo cha ualimu, ndipo alipogundua kwamba alikuwa amechora kope zake mwenyewe. Siku hiyo aliapa kwamba akipata darasa lake, hakuna mtoto atakayetoka hapo bila kuona seli kwa macho yake.

Mlango ukafunguka, vumbi la Machi likaingia kwanza, halafu Mzee Kipyego, mwenyekiti wa kamati ya shule. Koti kubwa, beji ya chama kifuani, mfuko mmoja wa koti umevimba. Yeye ndiye angeweka sahihi.

"Nimewasikia kutoka barabarani," akasema. "Nikadhani mmeshika mwizi."

Wakamweleza, kila mmoja upande wake. Mzee akasikiliza akizunguka meza, vile anavyozunguka ng'ombe sokoni.

"Mara elfu, na mara ishirini," akasema mwishowe. "Mimi trakta nanunua ile iko na nguvu mingi. Lakini hii ni ya watoto. Waite waangalie."

Kidato cha pili wakapanga laini, kumi na wawili. Kituyi akaweka ngozi ya kitunguu, akageuza kile kioo kidogo cha chini kikaelekea dirishani, maana waya wa stima ulikuwa bado haujafika hiyo shule. Mwanga ukajaa. Akaangalia, akaona vyumba vya seli vimepangana kama matofali, na moyo wake ukatulia.

"Wa kwanza."

"Nimeona, Mwalimu."

"Umeona vizuri?"

"Vizuri sana, Mwalimu."

Wa pili akaona. Wa tatu akaona. Wa nne hata hakumaliza kuinama, akaona. Mzee Kipyego mwenyewe akavua kofia, akafunga jicho moja kwa kidole, akakaa hapo muda wa heshima. "Naona," akasema. "Naona kabisa. Kazi nzuri, Mwalimu." Kituyi akamtupia Jelagat jicho. Jelagat alikuwa anaangalia nje, mahali mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yakivuta kutoka upande wa Sugoi.

Wa mwisho alikuwa Rosebella, msichana wa maneno machache. Akainama, akainuka, akainama tena.

"Umeona?"

"Nimeona nyasi nyeusi, Mwalimu. Nikipepesa macho inatingisika."

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia aende akalishe ng'ombe hizo nyasi. Kituyi hakucheka. Alihisi masikio yakiwaka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni mbele ya watu. Akamsogeza Rosebella polepole, akaweka jicho lake.

Giza, na kope zake mwenyewe. Wingu lilikuwa limekula mwanga, na kioo kilikuwa hakina kitu cha kurudisha. Akajaribu kukumbuka lini chumba kilianza kupoa. Mtoto wa tatu, pengine wa nne. Watu wote waliofuata, pamoja na mwenyekiti, walikuwa wamesifu giza, kwa adabu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu aliyetangulia alikuwa ameona.

Na yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza, "Umeona vizuri?" Swali gani hilo? Nani angemjibu la?

"Mwalimu, ni mbaya?" Rosebella akauliza.

"Hapana. Wewe ndio umesema kitu iko hapo."

Jelagat alikuwa amesikia, na angeweza kummaliza hapo hapo. Badala yake akavuta kiti, akakiweka mbele ya ile hadubini nene. "Mzee, kaa. Uko na kitu yoyote kwa mfuko?"

Mzee akacheka, akatoa mahindi kiganja kizima. "Mbegu ya kupanda wiki ijayo. Nimechagua mimi mwenyewe, moja moja. Hii hamtapata kasoro."

Akayamwaga kwenye kisahani, akainama na macho yake yote mawili wazi. Jelagat akageuza kifundo cha pembeni taratibu. Hata mwanga ule hafifu wa dirishani uliitosha.

Mzee hakusema naona. Halafu kichwa kikaruka nyuma kama cha mtu aliyemwagiwa maji, akaangalia mahindi kwa macho matupu, akarudi tena.

"Hapa kuna shimo," akasema. "Limezibwa. Nani amelifunga?"

"Fukusi, Mzee. Anatoboa, anataga yai ndani, anaziba na mate yake. Kwa macho hivi huwezi kuona."

"Leta sindano."

Akaingiza mikono yake mikubwa chini ya yale macho ya bundi, akadunga, akaigeuza punje huku akiangalia. "Kumbe," akasema polepole. "Kumbe nimekuwa nikipanda hawa watoto wake kila mwaka. Na nilikuwa nalaumu duka la mbolea." Akaanza kutenga, safi huku, mbovu kule. "Wewe wa nyasi nyeusi, kuja hapa, shika hii. Unaona nini? Usiniambie umeona. Niambie ni nini."

Wenzake wakapanga laini tena nyuma yake, na Kituyi akangoja iishe ndipo akainama yeye. Ndani ya duara lile kidole cha Mzee kilikuwa kikisukuma punje, na mistari ya ngozi yake ilikwenda sambamba, ikipinda pamoja, kama shamba la Kaptagat lililolimwa kukatiza mteremko, udongo umekwama katikati. Kidole kilisimama chenyewe, kikiwa na chini na juu, mpaka Kituyi akataka kukigusa. Akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Na seli?" Jelagat akamuuliza kwa sauti ya chini, bila kisasi.

"Nitawapeleka mjini siku moja, siku ya jua. Tutaomba kwa shule kubwa." Akatabasamu. "Nyanya yangu lakini usimguse tena."

"Nyanya yako nampa kazi Jumatatu."

Nje pikapu ikapiga honi. Mzee alitia sahihi bila kuinuka, akiuliza tu aandike wapi, na kurudi kwa mahindi. Rosebella alikuwa amemsukuma kidogo na bega, na yeye anasukuma kurudisha, wote wawili wamesahau nani ni nani.

Kituyi akaifuta ile ndefu nyeusi, akaifunika kitambaa chake, akailaza ndani ya sanduku. Alitegemea kifua kimuume. Hakikumuuma sana. Akalibeba sanduku kwa mikono miwili, akafungua mlango kwa kiwiko, na maganda mepesi ya punje zilizodungwa yakaruka mezani.

"Upepo, Mwalimu," Mzee akasema bila kuinua kichwa.

Kituyi akatoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa mguu, polepole, mpaka ukashika.